Mzigo Umefika Salama

Kwanza ieleweke kwamba hakuna yai hata moja lililokuwa limevunjika. Hilo ndilo lililomponza Kavata. Angaliona ganda moja tu limepasuka, ute umemwagika kwenye maboksi, angalipiga kelele pale pale kaunta na mambo yangekuwa mengine. Lakini alifungua boksi, akatoa trei ya juu, akatoa ya chini, akapitisha kiganja polepole juu ya mayai yote sitini yenye madoadoa ya kahawia, na yote yalikuwa mazima, yamekaa kimya. Akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu aliposhuka stendi.

"Yametoka mbali haya, mama," akasema Ruqaya, msichana wa ofisi ya vifurushi pale mjini Machakos, akirekebisha ushungi wake mbele ya feni.

"Yametoka Kitale. Ni ya bata mzinga, si ya kula. Ni ya kuangua." Kavata alilisema hilo kwa sauti ili hata mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni asikie.

"Imefika salama?"

"Salama kabisa. Mungu ni mwema."

"Basi niwekee sahihi hapa."

Akaweka, tena kwa mwandiko wa kujivunia. Hakuuliza kwa nini boksi lilikuwa la moto hadi chini, wala kwa nini mshale uliochorwa na muuzaji kuonyesha upande wa juu ulikuwa unaelekea ukutani. Aliyemwambia ni Ruqaya mwenyewe, kwa kupitisha muda tu, kwamba mzigo ulikuwa umelala Mlolongo wikendi nzima, kwenye stoo ya mabati, kwa sababu gari la Machakos liliharibika. Kavata alisikia, akacheka, akasema basi hata mayai yamepumzika. Kila mtu aliyekuwa pale alicheka naye.

Alikuwa amelipia bima. Aloys, muuzaji wa Kitale, ndiye aliyemshikilia kwenye simu: "Mama, lipa hiyo bima, usiniletee kilio baadaye." Akalipa kwa shingo upande. Ziada ile ilimuuma, maana pesa zilizonunua mayai yale hazikuwa pesa za mchezo. Zilikuwa pesa za vidole.

Ndunda, mumewe, alikuwa mkata mawe kwenye machimbo ya Mlolongo, hadi mashine ya kukata ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Machimbo yakamlipa fidia. Hospitali ikachukua yake, shule ya binti yao, Kasyoki, ikachukua yake, na kilichobaki Kavata alikililia, akakiombea na kukitetea mpaka akakubaliwa kukinunulia mayai. Nyumbani kwao Katelembo hawakuyaita mayai. Siku ile alipofika na boksi kichwani, Ndunda alisimama mlangoni akauliza, "Vidole vimefika?"

"Vimefika, baba Kasyoki. Hata kimoja hakijavunjika."

Mashine ya kuangulia ilikaa katika chumba cha Kasyoki, aliyekuwa shule ya bweni. Ilikuwa sanduku la mbao lililotengenezwa na fundi wa huko huko Katelembo, lenye balbu, feni ndogo na kipimajoto kilichofungwa kwa uzi. Kavata aliyapumzisha mayai siku moja, ncha chini, kama alivyofundishwa, kisha akayaingiza. Tangu hapo maisha ya nyumba nzima yalizunguka sauti ya ile feni. Watu waliongea kwa kunong'ona bila kujua kwa nini.

Mchana, joto lilipopanda na shamba likawa halina mtu, alikuwa akitandika mkeka kando ya mashine na kulala. Usingizi wa mle haukuwa wa kawaida. Ulikuwa wa vuguvugu, mzito, wenye harufu ya mbao na majani makavu, na ndoto zake zilikuja hata kabla hajafumba macho vizuri. Aliona bata mzinga wakitoka kwenye sanduku mmoja mmoja, wakubwa tayari, shingo nyekundu, wakitembea kwa madaha kuelekea barabarani kama akina mama wanaoenda ibada. Mmoja aligeuka akamuuliza kama amefunga mlango. Ndunda alikuwa getini anawahesabu kwa vidole vyake vyote kumi, na Kavata, ndotoni, hakuona ajabu yoyote.

Alipoamka alimkuta Ndunda amekaa kizingitini, anakuna hewa pale vidole vilipokuwa.

"Bado vinawasha?"

"Vinawasha. Saa hii ya jua ndiyo vinakumbuka." Akacheka kidogo. "Hata mimi nashangaa. Kitu hakiko na bado kinakusumbua."

"Krismasi, hoteli zote za Machakos zitakuja hapa. Utakuwa unawafungulia geti."

"Mimi sitaki hoteli. Mimi nataka nisirudi kwa mawe tu."

Hilo alilisema bila kumwangalia mkewe. Ndunda hakuwa mwoga, lakini tangu siku ile ya mashine alikuwa akisikia lori la mawe barabarani anaacha alichokuwa akifanya mpaka lipite. Kavata alilijua hilo na hakulisema, na kila alipogeuza mayai asubuhi na jioni alikuwa akimwombea mtu mmoja tu.

Mayai hayasemi kitu kabla ya wiki. Mtu hana budi kuvuta subira, kisha ayamulike kwa tochi gizani aone kilichomo. Wenye subira kamili hungoja usiku. Kavata alikuwa na moyo unaokimbia, kwa hiyo alijifunika blanketi zito la mkwewe mchana kweupe, akapiga magoti sakafuni na tochi yake iliyofungwa karatasi ngumu mdomoni, akalichukua yai la kwanza.

Ndani mlikuwa na mwanga wa njano tupu. Hakuna alama, hakuna doa. Akasema moyoni, hili halikuwa na mbegu, hutokea. La pili likawa hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na pete nyeusi, na pete nyeusi maana yake ni kwamba kilichokuwa kimeanza kimekufa. La nne, la tano. Jasho likamtiririka machoni chini ya blanketi. Alipomaliza trei ya juu hakuwa amepata hata moja. Akakaa kitako gizani mle, tochi mapajani, akijisikia mjinga kuliko wote waliozaliwa.

Ni kwenye kona ya trei ya chini ndipo alipoliona. Mwanga ulikuwa mwekundu. Mishipa myembamba ilitawanyika kila upande kutoka nukta moja nyeusi, na ile nukta ikatikisika. Kavata alisahau kupumua. Alilishika lile yai muda mrefu, akalipoteza hata jina lake mwenyewe kwa muda, hakuna shamba, hakuna deni la duka, hakuna Mlolongo, ni ule wekundu tu na kile kitu kidogo kinachojigusagusa humo kama mtu anayeota. Alipata tisa ya namna hiyo, yote ya kona ile ile. Akayachora kila moja duara kwa penseli, akayarudisha kwenye joto, akatoka chini ya blanketi.

"Ngapi?" Ndunda akauliza kutoka nje.

"Tisa."

"Yamekufa tisa?"

"Yako hai tisa."

Ndunda akatupa jiwe dogo uani, halikumpiga mtu wala kuku.

Kesho yake, kwenye ofisi ya vifurushi, Ruqaya alimsikiliza Kavata kwa heshima, mikono juu ya kaunta. Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa wa ukoo wa wauza vitambaa wa mjini, ameajiriwa pale mwaka uliopita, na mpaka siku ile malalamiko aliyoyazoea yalikuwa ya televisheni zilizopasuka vioo.

"Lakini mama, si ulisema imefika salama?"

"Nilisema, mwanangu. Niliangalia maganda. Sasa yai utaliona ndani na nini? Hapa kwenu kuna giza?"

"Hapana."

"Mlinipea tochi?"

"Hapana, mama."

"Ilipikwa huko Mlolongo kwa mabati. Si wewe mwenyewe uliniambia ililala huko?"

Ruqaya akatazama nyuma kama kuna mtu anayemsikia. "Hiyo usiseme nilisema mimi." Akapiga simu makao makuu Nairobi, akaongea kwa Kiingereza muda mrefu akisema "yes, eggs" mara nyingi, na kila aliposema hivyo mtu wa upande wa pili alionekana kucheka. Kavata alisimama pale na mkoba wake kifuani. Kijana aliyekuja kuchukua spea za pikipiki naye akatabasamu.

Simu ilipokatwa, Ruqaya alimweleza taratibu. Bahati yake alikuwa amekuja siku ya kumi, ya mwisho kukubalika. Lakini kwa kuwa alitia sahihi bila kuandika kasoro yoyote, hakuna fidia ya nusu mzigo. Njia iliyobaki ni moja tu: ikithibitishwa kwamba mzigo wote uliharibika njiani, kampuni italipa thamani yote iliyoandikwa, na mzigo wenyewe utakuwa mali ya kampuni. Atakuja mkaguzi kutoka Nairobi wiki ijayo, na Kavata alete mayai yote sitini, yatavunjwa baadhi kuangaliwa.

"Na kama mengine iko hai?"

"Aki mama, ikiwa hata moja iko hai, watasema mzigo ulifika salama, kosa ni la mashine yako." Ruqaya akashusha sauti. "Iko hai mengine?"

Kavata aliukaza mkoba wake kifuani. "Nimeuliza tu," akasema.

"Zima mashine," Ndunda alisema.

Walikuwa wamekaa jikoni, mchana, sahani za isyo, mahindi na maharagwe, mbele yao hazijaguswa. Kavata alimwangalia kana kwamba amemtukana mama yake.

"Saa chache tu. Halafu hata uongo hatutakuwa tumesema. Yote yatakuwa yamekufa, wataangalia, watalipa."

"Baba Kasyoki, hivyo ni vitu viko na damu."

"Hata mimi niko na damu." Akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akaufungua. Kidole gumba, cha shahada na kidole kidogo. "Nikuambie kitu sijawahi kukuambia? Siku ya kupimwa, daktari wa machimbo aliniletea kijiko. Akaniambia, mzee, hebu shika. Nikashika. Mimi nilifurahi kabisa, nilidhani ananipa moyo. Nikamwonyesha hata naweza kukoroga chai. Akaandika. Kumbe anaandika mkono unafanya kazi. Fidia ikakatwa nusu. Nusu, mama Kasyoki, kwa sababu ya kijiko! Watu kama hawa, ukiwaonyesha kile kimebaki, wanalipa kile kimebaki. Hawaangalii kile kimeenda."

Kavata alimwonea huruma mumewe, na papo hapo alimchukia kwa kuwa alisema kweli. Fidia yote ingenunua mayai mengine, na mazuri zaidi, na yangekuja kwa njia nyingine. Tisa hayangefika popote. Bata mzinga tisa, mmoja afe kwa baridi, wawili wachukuliwe na mwewe, atabaki na nini cha kumzuia mtu asirudi kwenye machimbo?

"Sizimi," akasema. "Ukitaka zima wewe."

Ndunda akaenda hadi chumba cha Kasyoki. Kavata alisikia miguu yake ikisimama mbele ya swichi, akaisikia feni ikiendelea, ikiendelea. Aliporudi alikaa akala isyo yake yote, kisha akasema, "Sawa. Hatuzimi. Lakini yataenda yote. Nitayaweka chini kabisa, mstari wa mwisho. Mkaguzi ni mtu wa Nairobi, atachukua ya juu, atashika pua, ataandika. Tukilipwa ni yake, atupe au akaange, shauri yake."

"Na yale maduara ya penseli?"

"Nitafuta."

Akayafuta kweli, moja moja, kwa kidole gumba alichokilowesha mate. Kavata alibaki jikoni. Alijiambia kwamba yai ni yai, kwamba amekaanga maelfu katika maisha yake, na akaona kwamba hajidanganyi vizuri.

Siku mbili kabla ya mkaguzi kufika, alitoka kuchota maji, akarudi mapema kwa sababu bomba lilikuwa kavu. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha Kasyoki ulikuwa wazi kidogo. Ndani, katikati ya sakafu, blanketi la mkwewe lilikuwa limesimama kama kichuguu, na mwanga mwekundu hafifu ulikuwa ukipenya kwenye nyuzi zake zilizochakaa, unahama, unatulia, unahama tena. Viatu vya Ndunda vilichungulia kwa nyuma.

Kavata aliweka mtungi chini kwa upole. Angeweza kusimama pale mpaka jioni. Mwanga ulitulia mahali pamoja, ukakaa, na kutoka chini ya blanketi akamsikia mumewe anaongea kwa Kikamba, sauti ya chini, ile aliyokuwa akimwongelesha Kasyoki akiwa mchanga mgongoni. Hakuyasikia maneno. Alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akatoka hadi barabarani, akarudi tena akikohoa.

Ndunda alikuwa uani tayari, anafagia mahali palipofagiliwa.

"Bomba liko kavu," Kavata akasema.

"Liko kavu," akakubali. Akafagia kidogo. "Yako na macho, yale mayai."

"Najua."

"Nilikuwa naangalia tu joto."

"Najua, baba Kasyoki."

Jumanne asubuhi waliyapanga kwenye boksi, yaliyokufa juu, tisa chini kwenye mstari wa mwisho. Ndunda alimwona mkewe akichemsha maji, akiyatia kwenye chupa mbili, akizifunga kwa kanga na kuzilaza kando ya trei ya chini. Mayai yanayoenda kutupwa hayahitaji joto. Alimwona, na boksi akalibeba yeye mwenyewe mapajani kwenye gari, mpaka mjini.

Mkaguzi aliitwa Wesley. Alikuwa kijana mwenye miwani na viatu safi, aliyewasalimia vizuri, akamwita Kavata "mathe" na Ndunda "mzee", akasema njia ya kuja ilikuwa mbaya. Ruqaya alimpa sahani ya plastiki aliyokuwa akiitumia kulia chakula cha mchana, kwa uso wa mtu anayejua kwamba hataitumia tena.

"Okay. Tuone hii kesi," Wesley akasema, akavaa glavu.

Alipasua la kwanza ukingoni mwa sahani. Harufu ilifika hadi mlangoni, na mteja mmoja aliyekuwa anaingia akageuza. La pili lilikuwa na damu nyeusi iliyoganda. La tatu likawa maji ya kijivu. Ruqaya alifunika pua kwa ushungi. Ndunda alikuwa amesimama wima, mkono wa kulia mfukoni, na Kavata alimwona akihesabu kimoyomoyo. Mambo yalikuwa yanaenda kama alivyosema.

"Hii ni mbaya, mzee, siwezi kataa," Wesley akasema, akiandika. "Imeoza kabisa. Aki poleni." Akaweka kalamu. "Acha nione tu moja ya chini halafu tumalize. Kazi ni kazi."

Akaondoa trei ya juu. Akaziona chupa zilizofungwa kanga, akazigusa, akakunja uso kidogo kwa kutoelewa. Mkono wake ukapita juu ya mistari ya mbele, ukaenda mwisho, ukalichukua yai moja, ukaliinua kuelekea ukingo wa sahani.

Kavata alifumba macho. Ndiyo sababu hakuona, alisikia tu kiti kikianguka. Alipoyafumbua, mkono wa Ndunda, ule wa vidole vitatu, ulikuwa juu ya mkono wa Wesley, umeufunika pamoja na yai.

"Hilo usivunje."

"Mzee?"

"Hilo liko hai. Usivunje."

Wesley alimtazama, akatazama ule mkono, akaona kilichokosekana, akatazama kando haraka kwa aibu. "Mzee, unaelewa unasema nini? Ukisema iko hai, mimi nitaandika mzigo ulifika salama. Hakuna kitu nitaweza kufanya."

"Kama mashine yangu ni mbovu," Kavata akapata sauti yake, "haya tisa yameishi aje?"

"Tisa?" Wesley akavua miwani. "Mathe, na kama mzigo uliharibika njiani, haya tisa yaliishi aje?"

Wesley akairudisha miwani usoni.

"Hebu tuseme sijaskia," Wesley akasema polepole. Alikuwa na moyo, tusimnyime. "Narudisha hii chini, nafunga boksi. Nimeona matatu, nimetosheka. Mnalipwa. Lakini boksi linaenda na mimi Nairobi, lote, leo. Hiyo siwezi badilisha."

Yai lilikuwa bado katikati ya mikono yao miwili. Ndunda alimtazama mkewe. Kavata aliona kwamba anamwomba yeye aamue, na aliona pia kwamba ameshaamua, ila anataka asiwe peke yake. Aliwaza juu ya lori za mawe. Akaogopa. Kisha akafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi yake, mbele ya yule kijana wa Nairobi, bila haya, akanyoosha mkono.

"Lete hapa. Linapoa."

Ndunda akampa la kwanza, akachukua mengine, moja moja, Kavata akiyapanga kifuani ndani ya leso aliyoifunga kwa nguvu. Wesley aliandika alichopaswa kuandika: mzigo ulifika salama. Ndunda alitia sahihi. Ruqaya alikuwa analia wazi wazi na alionekana kujikasirikia kwa hilo.

"Na haya mengine?" akauliza, akionyesha boksi. "Mama, ni yenu. Kampuni haijayalipia."

"Sisi tumeshachukua yetu," Kavata akasema.

Na hayo mengine yakabaki pale kaunta. Yai lililokufa kwenye joto la Februari hupasuka lenyewe likifika siku zake, na hapo hata feni haisaidii. Lakini hiyo ni habari ya ofisi ile.

Hawakupanda gari. Gari lingeyatikisa. Walitembea, wakapita mtaa wa Kenya Israel, wakashika barabara ya kurudi kwao, vilima vya Iveti nyuma yao vimejaa ukungu wa joto. Kavata alitembea kama mjamzito wa miezi yake, mikono chini ya kifua, akiyasikia mayai yakimgusa kwa ulaini, mazito, yenye joto lake mwenyewe. Kulikuwa na utulivu wa ajabu katika mwendo ule. Magari yalipita mbali sana, ingawa yalipita ubavuni. Mara mbili alidhani amesinzia akitembea.

"Jumatatu nitaenda Mlolongo," Ndunda akasema.

"Kwa mawe?"

"Kwa mawe. Wananijua."

"Na mkono?"

"Wataangalia ule mwingine."

Kavata alitaka kulia, na machozi hayakuja, kwa sababu alikuwa akiogopa kwikwi isije ikayagonganisha mayai. Alisema tu, "Baba Kasyoki," mara moja, na Ndunda akaitika, "Ee," kama mtu aliyeitwa kula.

Jua lilikuwa limehamia upande wa kushoto na kuanza kuchoma. Ndunda aliliangalia, akaangalia kifua cha mkewe, akavuka upande ule, akasogea karibu mpaka kivuli chake kikamwangukia. Kila barabara ilipopinda alibadilisha upande. Hivyo ndivyo walivyokwenda hadi Muputi, karibu na nyumbani, yeye akimkinga na jua, akimwambia kila baada ya muda atembee polepole.